Wanaugua wachache, wanakufa wengi: saratani katika kaunti za vijijini Marekani

Swali: "Mume wangu amepata kazi katika kiwanda cha nyama kwenye kaunti ndogo kaskazini-magharibi mwa Iowa. Kwa sasa tunaishi Minneapolis na watoto wetu wawili. Nimesoma kwamba hapa Marekani watu wa kaunti za vijijini huugua saratani kidogo kuliko wa mijini, lakini ndio wanaokufa nayo zaidi. Hilo linawezekanaje? Ni zile dawa zinazopulizwa mashambani? Na je, tuhamie huko au tubaki?"

Dada yangu, ulichosoma ni kweli, na swali lako la kwanza ndilo zito kuliko mengine, kwa hiyo nitalikalia kitako. La kuhama nalijibu mapema ili usisome roho ikiwa juu: takwimu hizi si sababu ya kumkatalia mumeo kazi. Ni sababu ya kuuliza maswali kadhaa kuhusu bima, hospitali na nyumba mtakayopanga, tena kabla ya kufunga mizigo.

Namba kwanza. Mwaka 2017 CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, ilitoa ripoti iliyolinganisha kaunti za vijijini na za mijini. Wagonjwa wapya wa saratani walikuwa 442 kwa kila watu 100,000 vijijini, na 457 mijini. Vifo vilikuwa 180 vijijini na 158 mijini. Ukigawanya vifo kwa wagonjwa wapya utaona vijijini wanakufa kama 41 kwa kila wagonjwa wapya 100, na mijini kama 35. Wataalamu hawapimi uponaji kwa hesabu ya namna hiyo, kwa sababu anayekufa mwaka huu huenda aligunduliwa miaka sita iliyopita. Hata hivyo inakuonyesha mzigo umelalia upande gani.

Watu wengi wakisikia hivyo hujibu haraka kwamba vijijini wamebaki wazee, vijana wamekimbilia mijini, na wazee ndio wanaokufa na saratani. Wazo hilo lina mantiki, lakini limekwisha kushughulikiwa. Viwango hivyo vimesawazishwa kwa umri, yaani vimekokotolewa kana kwamba kila kaunti ina mchanganyiko uleule wa watoto, vijana na wazee uliokuwepo Marekani nzima mwaka 2000. Kinachobaki baada ya kusawazisha si uzee.

Jambo la pili katika ripoti ile halikutangazwa sana, na mimi naliona kubwa. Kati ya 2006 na 2015 vifo vya saratani vilikuwa vikipungua kila upande, ila mijini vilipungua kwa asilimia 1.6 kwa mwaka na vijijini kwa asilimia 1.0. Kwa hiyo hakuna upande uliokuwa ukizidiwa. Wote walikuwa wakipata nafuu, ila mmoja alikuwa akiipata polepole, na pengo likazidi kupanuka.

Sasa, vipi waugue wachache na wafe wengi? Kosa linaanzia pale tunapoita saratani ugonjwa mmoja. Ndani ya ile 457 ya mijini mna saratani nyingi za matiti na tezi dume zilizogunduliwa kwa vipimo kabla mtu hajahisi chochote. Baadhi ya hizo za tezi dume hukua kwa mwendo wa kobe kiasi kwamba mwenyewe angekufa na ugonjwa mwingine bila kujua kama alikuwa nazo. Palipo na vipimo vingi, wagonjwa wanaoandikishwa huwa wengi, na wengi wao wanapona. Pasipo na vipimo, namba ya wagonjwa huwa ndogo na inapendeza machoni. Uchache wa wagonjwa wa vijijini kwa sehemu ni uchache wa kupimwa, kwa hiyo usiuchukue kama afya.

Wakati huohuo, zipo saratani ambazo vijijini wanaugua zaidi, na si ndogo: ya mapafu, ya koo la sauti, ya utumbo mpana na ya shingo ya kizazi. Ya mapafu ndiyo inayoua Wamarekani wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Ile ya utumbo mpana na ya shingo ya kizazi zina sifa ya pekee, kwamba kipimo kinaweza kuzizuia zisitokee kabisa. Daktari akikuta kinyama kwenye utumbo anakiondoa kabla hakijageuka. Akikuta mabadiliko kwenye shingo ya kizazi anayatibu kabla hayajawa saratani. Kwa hiyo mwanamke anapokufa kwa saratani ya shingo ya kizazi katika nchi tajiri namna hii, ujue kuna miaka kumi au zaidi ambayo hakuna aliyempima, au alipimwa na hakuna aliyemfuatilia. Kwangu mimi hiyo ndiyo namba ya aibu kuliko zote.

Tuingie kwenye tumbaku, maana bila hiyo ramani haieleweki. Katikati ya karne iliyopita hali ilikuwa kinyume: miji ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwa vifo vya saratani nchini Marekani, na mashambani ndiko kulikokuwa na nafuu. Sigara za kiwandani zilishika kwanza mijini. Kisha mwaka 1964 daktari mkuu wa serikali ya Marekani akatoa ripoti iliyosema waziwazi kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu, na wa kwanza kuziacha wakawa watu wa mijini wenye elimu na kipato. Mashambani walichelewa kuanza na wakachelewa zaidi kuacha. Kwa kuwa saratani ya mapafu hujitokeza miaka ishirini, thelathini baada ya mtu kuanza kuvuta, ukitazama ramani ya vifo vya leo unatazama moshi uliovutwa miaka ya 1980 na 1990. Udongo haukubadilika, hewa ya mashambani haikubadilika, lakini miji na vijiji vilibadilishana nafasi ndani ya maisha ya mtu mmoja. Mtu anayeniambia kwamba vijijini kwenyewe kuna kitu kinachoua, huwa namrudisha kwenye historia hiyo.

Sheria nazo zimechangia. Ushuru wa jimbo kwa pakiti moja ya sigara Missouri ni senti 17. New York, tangu Septemba 2023, ni dola 5.35. Kentucky haina sheria ya jimbo zima inayokataza kuvuta ndani ya sehemu za kazi, ingawa baadhi ya miji yake, Lexington ukiwemo, imejiwekea yake. Sehemu ya mashariki ya Kentucky, kule kwenye milima ya Appalachia ambako watu walilima tumbaku na kuchimba makaa ya mawe kwa vizazi, ni miongoni mwa sehemu zenye saratani ya mapafu nyingi kuliko zote nchini. Mtoto aliyekulia huko hakuichagua sigara kama mtu anavyochagua shati dukani. Ilikuwa zao la baba, ajira ya mjomba na burudani ya Jumamosi.

Haya, dawa za mashambani. Iowa kuna utafiti mkubwa wa suala hilihili, ulioanza mwaka 1993 katika majimbo mawili, Iowa na North Carolina, ukiwafuatilia wakulima, wapulizaji dawa wenye leseni na wenzi wao, jumla watu wapatao 89,000. Matokeo yake huwashangaza wengi. Kwa ujumla wakulima hao wameugua saratani kidogo kuliko watu wengine wa majimbo yao, na hasa ya mapafu, kwa sababu wanavuta sigara kidogo na wanafanya kazi za mwili. Lakini aina fulani zimejitokeza kwao zaidi, ikiwemo ya tezi dume na baadhi za damu, na kwa baadhi ya dawa hatari imeonekana kupanda kadiri mtu anavyozishika kwa muda mrefu. Nawe pengine umesikia mabishano juu ya glifoseti, dawa ya magugu: mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, na mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, haikukubaliana nalo.

Kwa hiyo siwezi kukuambia dawa hizo hazina neno. Zina neno, hasa kwa anayezichanganya na kuzipuliza miaka nenda miaka rudi bila kinga. Ninachokataa ni kuzibebesha pengo lote la vifo. Kama wapulizaji wenyewe wanaugua kidogo kuliko majirani zao, haiwezekani dawa iwe ndiyo inayoeleza kwa nini kaunti nzima inakufa zaidi. Na mumeo atakuwa ndani ya kiwanda cha nyama, si juu ya trekta.

Sehemu inayobaki ya jibu ni matibabu, na hapa nitakaa zaidi.

Kama ningeruhusiwa kukuonyesha utafiti mmoja tu, ningekuonyesha uliochapishwa mwaka 2018 na watafiti wa SWOG, mtandao unaoendesha majaribio ya tiba za saratani nchini Marekani. Walichukua wagonjwa karibu 37,000 walioshiriki majaribio 44 kati ya 1986 na 2012, wakawagawa kwa makazi. Karibu mmoja kati ya kila watano alitoka kijijini. Ndani ya jaribio kila mgonjwa hupewa tiba kwa utaratibu uleule, dozi ileile, ufuatiliaji uleule, awe ametoka Chicago au shambani Nebraska. Na matokeo? Karibu kila aina ya saratani waliyoiangalia, wa vijijini na wa mijini waliishi muda unaolingana. Tofauti ya maana ilibaki kwenye aina moja tu ya saratani ya matiti, ile isiyoitikia homoni ya estrojeni, iliyokuwa katika hatua za mapema.

Mtu makini atasema: lakini wanaoingia kwenye majaribio si wagonjwa wa kawaida, ni wale waliofanikiwa kufika, wenye usafiri, wenye bima, wenye mtu wa kuwapeleka. Kweli kabisa, na hilo ndilo fundisho lenyewe. Mgonjwa wa kijijini akishafika na akapewa tiba inayostahili, mwili wake hauna tofauti na wa mgonjwa wa mjini. Anayekufa zaidi ni yule asiyefika, au anayefika kachelewa, au anayeanza tiba akashindwa kuimaliza.

Na kushindwa kuimaliza ni rahisi kuliko inavyosikika. Chukua tiba ya mionzi. Mara nyingi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu hadi saba kutegemea aina ya saratani, na kila kikao ni dakika chache tu juu ya meza. Kwa anayeishi karibu na hospitali ni usumbufu. Kwa anayeishi saa mbili mbali ni saa nne barabarani kila siku kwa ajili ya dakika hizo chache, theluji ikiwemo, na kazini hayupo. Ndiyo maana wanawake wanaoishi mbali na mashine za mionzi huondolewa titi zima mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa karibu, hata pale ambapo kuondoa uvimbe peke yake na kufuatisha mionzi kungetosha. Barabara imewachagulia tiba.

Hospitali zenyewe zinapungua. Tangu 2010 zaidi ya hospitali 100 za vijijini Marekani zimefungwa au zimeacha kulaza wagonjwa. Hospitali ndogo ikifungwa, kinachoondoka si kitanda tu. Anaondoka daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kolonoskopia, yaani kuchungulia utumbo mpana kwa kamera, kila Jumanne, inaondoka mashine ya mamogramu, ile ya kupiga picha ya matiti, na anaondoka muuguzi aliyekuwa akipiga simu kuuliza kwa nini hukurudi kuchukua majibu. Madaktari bingwa wa saratani nao hukaa mijini, karibu na vyuo vikuu. Mgonjwa wa kijijini huonwa na bingwa anayefika siku fulani za mwezi, au husafiri.

Halafu bima. Sheria ya afya ya mwaka 2010 iliyapa majimbo nafasi ya kupanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na upanuzi ukaanza 2014. Majimbo kumi, mengi yakiwa ya kusini na yenye vijiji vingi, Texas, Mississippi na Alabama yakiwemo, yalikuwa bado hayajakubali hadi mwaka 2024. Iowa ilipanua mwanzoni, 2014. Hilo kwenu ni jambo jema, na ni mfano kwamba "kijijini" si kitu kimoja: kijiji cha Iowa na kijiji cha Mississippi vina mahindi na pamba, lakini pia vina sheria tofauti.

Umaskini nao umejificha ndani ya neno hilohilo. Idara ya kilimo ya Marekani ina orodha ya kaunti zilizoshikwa na umaskini wa kudumu, ambazo asilimia 20 au zaidi ya watu wamekuwa maskini kwa miaka thelathini mfululizo. Nyingi ni za vijijini: delta ya Mississippi, milima ya Appalachia, ukanda wa Weusi wa kusini, maeneo ya Wahindi Wekundu huko South Dakota, mpaka wa Texas na Meksiko. Vifo vya saratani huko viko juu kuliko kaunti nyingine, na mitaa maskini ya mijini haiko mbali nyuma.

Naomba pia nikutahadharishe kuhusu ramani za kaunti, kwa sababu nahisi umekaa na mojawapo usiku ukitafuta jina la kaunti yenu mpya. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,100, na hazilingani hata kidogo. Los Angeles ni kaunti moja yenye watu kama milioni 10. Loving, Texas, ni kaunti moja, na sensa ya 2020 ilikuta humo watu 64. Mzee mmoja akifariki Loving, kiwango cha vifo kinaruka hadi zaidi ya 1,500 kwa watu 100,000, na mwaka unaofuata kinarudi sifuri. Ndiyo maana kaunti ndogo huonekana kwenye kilele cha orodha mbaya na pia kwenye kilele cha orodha nzuri. CDC huficha idadi za vifo zilizo chini ya 10, na viwango vilivyotokana na vifo chini ya 20 huviwekea alama kwamba haviaminiki. Wachora ramani wa mitandaoni huzisahau alama hizo.

Mfano mzuri kuliko wote ulitokea mwaka 2017, jarida moja la kitabibu lilipochapisha viwango vya vifo vya saratani kwa kila kaunti mwaka 2014. Cha chini kabisa kilikuwa Summit, Colorado: vifo 70.7 kwa watu 100,000. Cha juu kabisa kilikuwa Union, Florida: 503.1. Zote mbili ni kaunti ndogo, na hakuna mji mkubwa hata katika mojawapo. Summit iko milimani, ina watu wenye kipato kizuri, wanaopanda milima na kuteleza kwenye theluji. Na Union? Ina gereza la jimbo lenye hospitali, wanakopelekwa wafungwa wagonjwa. Kaunti ni ndogo, kwa hiyo vifo vya wafungwa hao vinaweza kuibadilisha namba yote. Asiyejua hilo ataapa kwamba maji ya Union yana sumu.

Kuna na mpaka wenyewe wa "mjini" na "kijijini". Idara ya kilimo huzipa kaunti alama kuanzia 1 hadi 9. 1 hadi 3 ni za mijini, zinazobaki ni za vijijini. Kaunti inaweza kuwa mahindi matupu na bado ikahesabiwa ya mjini, kwa sababu robo au zaidi ya wafanyakazi wake huenda kazini katika jiji la jirani. Kwa matibabu hiyo si hesabu mbaya, maana anayekwenda mjini kila siku kufanya kazi anaweza pia kwenda kutibiwa. Ila usishangae ukikuta kaunti unayoiona porini imo katika kundi la mijini.

Na pengo linazibika. Jimbo la Delaware, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, liliamua kulipia uchunguzi wa utumbo mpana kwa wasio na bima, kulipia matibabu ya waliokutwa na saratani, na kuajiri watu wa kumshika mgonjwa mkono tangu miadi hadi majibu. Pengo walilolilenga lilikuwa kati ya Weusi na Weupe, si kati ya kijiji na mji, lakini njia ya kuliziba ni ileile. Waliopimwa miongoni mwa Weusi walipanda kutoka asilimia 48 hadi 74 kufikia 2009, sawa na Weupe, na tofauti ya vifo karibu ikafutika. Ndani ya miaka minane! Hakikuvumbuliwa kitu kipya maabara.

Sasa nyinyi na Iowa. Msajili wa saratani wa Iowa amekuwa akiripoti miaka ya karibuni kwamba jimbo hilo ni la pili nchini kwa wagonjwa wapya, nyuma ya Kentucky. Utaisikia habari hiyo ukifika, na watu watakutajia mashamba. Ripoti ya 2024 ilitilia mkazo pombe, kwa sababu Iowa inakunywa kupita kiasi ikilinganishwa na majimbo mengi. Mimi ningeongeza jambo moja ambalo wapangaji hawaliulizi: radoni. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini, inajikusanya kwenye vyumba vya chini ya nyumba, na baada ya sigara ndiyo inayoongoza kusababisha saratani ya mapafu Marekani. EPA inakadiria vifo 21,000 kwa mwaka. Kaunti zote 99 za Iowa ziko katika kundi la hatari ya juu la EPA. Kipimo chake ni kidogo, unakiacha ndani siku chache kisha unakituma maabara. Ikizidi pikokuri 4 kwa lita (pikokuri ni kizio cha kupimia mionzi), hufungwa bomba na feni ya kuitoa nje. Muulizeni mwenye nyumba kabla ya kusaini, hasa kama watoto watalala chumba cha chini. Kama nyumba ina kisima chake, ulizeni ofisi ya afya ya kaunti. Iowa ina mpango wa kupima maji ya visima binafsi bure, ikiwemo naitreti, kemikali inayotokana na mbolea.

Zaidi ya hapo, kiwango cha kaunti si chako. Kama wewe na mumeo hamjawahi kuvuta sigara, hamrithi mapafu ya wavutaji wa huko kwa sababu tu mmebadilisha anwani. Mna hatari zenu, na baadhi hazimo katika mazoea ya daktari wa kaunti ndogo. Wengi wetu tumetoka sehemu ambako virusi vya homa ya ini B vimeenea, navyo ndivyo chanzo kikubwa cha saratani ya ini. CDC tangu 2023 inashauri kila mtu mzima apimwe angalau mara moja maishani. Ombeni kipimo hicho, msingoje kuulizwa. Shingo ya kizazi hupimwa kuanzia miaka 21 hadi 65, na wanawake wengi waliohamia wakiwa watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Matiti ni kuanzia 40, kila miaka miwili. Utumbo mpana ni kuanzia 45, na kipo kipimo cha choo kinachofanywa nyumbani na kutumwa kwa posta, kwa hiyo umbali si kisingizio. Wanaume Weusi nchini hapa hufa kwa saratani ya tezi dume karibu mara mbili ya Weupe, basi mumeo alizungumze na daktari akikaribia miaka 45 au 50. Watoto wapate chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, wakifika miaka 11 au 12, wa kike na wa kiume.

Usiogope lugha. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuwapatia mkalimani bila malipo, na si kazi ya mtoto wenu kutafsiri majibu ya saratani.

Likizo ya ugonjwa nayo iangalieni. Sheria ya taifa inamlinda mfanyakazi asipoteze kazi kwa wiki 12 bila malipo, lakini mpaka awe ametimiza miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri huyo. Mwaka wa kwanza mumeo hatakuwa na kinga hiyo, kwa hiyo vipimo mnavyoweza kumaliza Minneapolis, kabla bima ya sasa haijakatika, vimalizeni huko.

La mwisho ni bima ya kiwandani. Kituo pekee cha saratani ndani ya Iowa chenye hadhi ya juu ya Taasisi ya Taifa ya Saratani kiko Iowa City, upande wa pili wa jimbo, na ukitokea Sioux City, mji wa upande wenu wa kaskazini-magharibi, ni zaidi ya kilomita 400. Kilicho karibu zaidi nanyi chenye hadhi hiyo kiko Omaha, Nebraska, ambako ni jimbo jingine, na bima nyingi huwa na orodha ya hospitali inayoishia mpakani. Mumeo aiulize ofisi ya wafanyakazi kama hospitali za Omaha na za Sioux Falls, mji wa jirani ulio South Dakota, zimo katika orodha ya bima yao, na kama hazimo, mgonjwa wa saratani hupelekwa wapi na nani analipia tofauti. Jibu walitoe kwa maandishi, kabla hajajaza fomu ya kuchagua bima.